Chuma cha Pua Kisichoshika Kutu

Katika Kiswahili, pua ni jina la kale la chuma kilichotiwa kiasi kidogo cha kaboni kikawa kigumu, na kwa hiyo chuma cha pua ni jina la jamii nzima, kuanzia nondo za ujenzi hadi makali ya kisu. Matangazo ya vyombo huliweka jina hilo kwa aina moja tu, ile ambayo mafundi wa Kibera na Kawangware jijini Nairobi huiita stenlesi, na huko ni kupotosha, kwa kuwa nondo nayo ni pua na hushika kutu ikinyeshewa. Istilahi kamili haina budi kutaja kutu.

Kinachoipambanua stenlesi ni kromiamu, ambayo sharti ifikie angalau asilimia 10.5 ya uzito wake. Kromiamu hiyo huungana na oksijeni ya hewani ikafanya utando wa oksidi usioonekana kwa macho, wenye unene wa nanomita chache, ambao ukikwaruzwa hujifanya upya maadamu oksijeni ipo. Mabati ya kuezekea hayana bahati hiyo: kinga yao ni zinki iliyopakwa juu, ambayo hulika kidogo kidogo mpaka chuma kikabaki wazi, na mapaa ya Kibera yaliyogeuka kahawia ni ushahidi wa kutosha. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha aloi ya namna hii mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, lakini wafua visu ndio walioifaidi mapema.

Aina inayotumika zaidi ni namba 304, yenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8, ambayo hutengenezewa sinki, matangi ya maziwa na zile mashine za dukani ziitwazo ATM za maziwa. Namba 316 huongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi, kwa hiyo huifaa Mombasa kuliko Nairobi. Namba 201, ambayo sehemu ya nikeli yake imechukuliwa na manganisi, ni ya bei nafuu na huwahi kushika kutu. Sumaku, kipimo kinachoaminiwa mno na wanunuzi, haiwezi kutenganisha 201 na 304, kwani zote mbili kwa kawaida hazivutwi, na 304 yenyewe ikikunjwa kwa nguvu huanza kuvutwa kidogo.

Hata chuma halali huharibiwa na kazi mbovu. Fundi wa jua kali anayeunda kabati la kuwekea chipsi, akitumia diski ya grinda iliyokwisha kusaga chuma cha kawaida, huacha chembe za chuma hicho juu ya bati, nazo baada ya siku chache hutoa madoa ya kahawia, mteja akadhani ameuziwa bandia. Joto la kuchomelea nalo, hasa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, huifanya kromiamu ishikane na kaboni kandokando ya mshono, ikapungua pale pale inapohitajika. Kwa sababu hiyo kuna 304L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ikilala ndani ya sinki, huutoboa utando na kuacha vishimo.

Mnunuzi na aulize namba ya chuma kabla ya kuuliza bei, na fundi naye atenge diski na brashi za stenlesi peke yake.