Mchezo Uendelee, Darasa Lifungwe

Agosti 2020 niliuza insha. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Tulikuwa watatu kwenye keja moja Roysambu, laptopu mbili, tunapokezana zamu kama walinzi wa usiku, na kazi yetu ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa majuu insha zao za darasani. Chuo nilichokuwa nasoma kilifungwa Machi ya mwaka huo, vyuo vyote nchini vilipofungwa. Kilipofunguliwa, mimi sikurudi. Pesa za karo zilikuwa zimeliwa na kodi ya nyumba, na aibu ikamalizia kilichobaki. Sijisifu kwa kazi ile. Naitaja kwa sababu ya swali moja lililoingia usiku wa manane: je, michezo ya vyuo vikuu inaweza kuendelea wakati wa janga? Maneno 1,500. Pande zote mbili zitajwe. Maoni ya mwandishi hayatakiwi.

Niliandika, nikahitimisha kwamba inaweza, mradi masharti ya afya yafuatwe. Jibu la mtu anayetaka kulala. Dola nne kwa ukurasa, kurasa sita, hesabu ikafungwa.

Shida ni kwamba nilikuwa na jamaa huko. Tulisoma naye sekondari, kisha yeye akapata ufadhili wa riadha katika chuo kimoja kusini mwa Marekani, mimi nikabaki na gredi zangu. Usiku uleule alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. "Mzee, wanasema huenda msimu usiwepo. Sasa mimi bila kukimbia ni nani hapa?" Sikumwambia kwamba nilikuwa nimetoka tu kulijibu swali lake, tena kwa niaba ya mtu nisiyemjua, ambaye kwa nijuavyo pengine waliketi darasa moja.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma historia hii bila kulipwa na mtu.

Hebu tuanzie kwenye picha. Kuna moja iliyozunguka sana mitandaoni mwaka ule wa korona. Ilipigwa na mwanafunzi wa Georgia Tech, Thomas Carter, mwaka 1918, katika uwanja wa Grant Field mjini Atlanta. Watazamaji wamejaa vitini, kofia kichwani, barakoa usoni, wanatazama mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana vifua. Waliotaka michezo irudi waliisambaza kama ushahidi: mnaona, babu zetu walicheza. Wengine wakajibu: ndiyo, na babu zenu walivaa barakoa. Kitu ambacho picha haisemi ni kwa nini mechi ilichezwa.

Ilichezwa kwa sababu jeshi lilitaka. Marekani ilikuwa vitani, na tarehe 1 Oktoba 1918 zaidi ya vyuo 500 viligeuzwa kuwa sehemu ya mpango wa kuwafundisha wanafunzi uaskari. Vijana zaidi ya laki moja walikula kiapo, wakavaa sare, wakawa wanafunzi asubuhi na makuruta jioni. Mwezi huohuo homa kuu ya 1918 ilikuwa kileleni. Oktoba pekee iliua Wamarekani wapatao 195,000. Na haikuwa homa ya kuchagua wazee na watoto wachanga tu kama homa tulizozoea. Iliwaangusha mno watu wa miaka 20 hadi 40, yaani umri wa askari na umri wa mchezaji.

Ungetarajia mpira uwe wa kwanza kufutwa. Wapi! Wakubwa wa jeshi waliuona kama mafunzo: unamzoesha kijana kugongwa na kuinuka, kufuata amri, kusukuma mstari. Basi hawakuupiga marufuku. Walibana safari na muda wa mazoezi, mengine yakaachiwa hali ya kila mji. Missouri hawakucheza msimu mzima. Michigan walicheza mechi tano, wakashinda zote. Pittsburgh nao walicheza tano, wakapoteza moja, tena kwa timu ya wanamaji. Tarehe 30 Novemba, vita vikiwa vimekwisha, Michigan waliwafunga Ohio State 14–0. Ikumbuke mechi hiyo, nitairudia. Na fainali ya heshima, Rose Bowl, ilipofika tarehe 1 Januari 1919, hapakuwa na timu ya chuo hata moja uwanjani. Great Lakes, kituo cha wanamaji, waliwashinda wanajeshi wa Mare Island 17–0.

Kwa hiyo swali langu la dola nne lilikuwa limeshajibiwa miaka 102 nyuma, na si madaktari waliolijibu. Lilijibiwa na aliyeihitaji miili ya wale vijana.

Mwaka 2020 aliyeihitaji alikuwa mwingine. Kwa msomaji aliyezoea michezo yetu ya vyuo, ambapo timu husafiri kwa basi la kukodi na kula wali maharagwe, lazima nieleze kidogo. Marekani chuo kikuu ni klabu. Mpira wa Kimarekani na mpira wa vikapu huuzwa kwa televisheni kwa mabilioni ya dola, na katika vyuo vikubwa pesa hizo ndizo huendesha michezo mingine isiyoingiza kitu, ikiwemo mbio za nyika. Mkenya anayekimbia kwa ufadhili huko, tangu enzi za Henry Rono pale Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakimbii katika mchezo unaojilipia. Anakula kwenye sahani iliyopakuliwa na wengine.

Tarehe 12 Machi 2020, siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza janga, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilifuta mashindano yake yote yaliyobaki ya majira ya baridi na ya machipuko. Wanariadha walikuwa tayari wamefika Albuquerque kwa mbio za ukumbini zilizokuwa zianze kesho yake. Walifungasha viatu wakarudi. Mashindano ya mpira wa vikapu ya wanaume yalifutwa vilevile, na hapo ndipo palipouma: vyuo vya daraja la kwanza vilitarajia mgao wa dola milioni 600, vikapewa milioni 225.

Ukishajua hesabu hiyo, Agosti inaeleweka. Tarehe 11 Agosti ligi mbili kubwa, Big Ten na Pac-12, ziliahirisha msimu. Madaktari wao walihofia, pamoja na mengine, kuvimba kwa misuli ya moyo kwa vijana waliopona korona. Ligi nyingine tatu kubwa, SEC, ACC na Big 12, zikasema tunaendelea. Kirusi kilekile, nchi ileile. Rais Donald Trump akampigia simu kamishna wa Big Ten, wazazi wakaandamana, baadhi ya wachezaji wakaenda mahakamani, na tarehe 16 Septemba Big Ten wakageuka: tutacheza, wachezaji watapimwa kila siku.

Lakini tukio ninalolirudia kichwani ni la North Carolina, pale Chapel Hill. Masomo yalianza tarehe 10 Agosti. Tarehe 17, baada ya wiki moja tu, chuo kilitangaza kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza wote watasoma mtandaoni. Maambukizi yalikuwa yameshika mabweni. Tarehe 12 Septemba timu yao ya mpira ilikuwa uwanjani ikicheza na Syracuse. Darasa lilikuwa hatari, uwanja haukuwa. Kwa miaka mingi vyuo vile vimekataa kuwaita wachezaji wafanyakazi, eti ni wanafunzi kama wengine. Sasa wanafunzi wengine walikuwa wameambiwa wafungashe waende kwao, na hawa wakaambiwa wabaki. Kama ni wanafunzi, kwani walibaki kufanya nini?

Wachezaji wenyewe walikuwa wameanza kuuliza. Mapema Agosti kundi la wachezaji wa Pac-12 lilitoa madai: ulinzi wa afya, bima, sehemu ya mapato, la sivyo hatuchezi. Siku chache baadaye wengine, Trevor Lawrence wa Clemson akiwa mbele, wakasema wanataka kucheza. Magazeti yaliwapanga kama maadui. Ukisoma walichoandika usiku ule walipoungana, wote walidai jambo moja: kuwe na chama cha wachezaji, tuwe na sauti. Chama hakikuundwa. Walichopata, tarehe 5 Agosti, ni agizo la NCAA kwamba mchezaji anayejitoa kwa hofu ya korona asinyang'anywe ufadhili, na asilazimishwe kusaini karatasi ya kukiondolea chuo lawama. Agizo zuri. Ila liangalie tena: lilihitajika kwa sababu kulikuwa na sababu ya kuogopa kinyume chake.

Na kwa Mkenya kulikuwa na hofu ya pili. Tarehe 6 Julai serikali ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yatakuwa mtandaoni hataruhusiwa kubaki nchini. Anga yetu ilikuwa imefungwa kwa ndege za abiria za kimataifa tangu Machi, ikafunguliwa tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo jamaa yangu aliambiwa huenda ukafukuzwa, wakati nyumbani mlango ulikuwa haujafunguliwa. Harvard na MIT walishtaki, na tarehe 14 Julai amri ikaondolewa. Siku nane. Anasema alizimaliza akikimbia peke yake usiku, hosteli nzima taa zake zikiwa tatu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza kwa wenyewe hawakumtaja.

Sasa, ningeweza kuishia hapo, nikawalaani wenye televisheni, na wewe ukaridhika. Lakini historia haikunyooka hivyo. Septemba ile, mchezaji mmoja wa miaka 20 wa chuo kidogo cha Pennsylvania alifariki baada ya kuugua korona. Ligi yake ilikuwa imeshafuta msimu. Kufuta mechi hakukumfuta kirusi aliyekuwa mtaani. Na waliocheza walipimwa mara nyingi kuliko kijana wa kawaida wa rika lao. Upande wa pili, Novemba, Clemson walitangaza kuua timu zao za riadha na mbio za nyika za wanaume, pesa hazitoshi, huku timu yao ya mpira ikiendelea kucheza kila wiki. Waliirudisha riadha Aprili iliyofuata baada ya kelele na tishio la mahakama. Kwa mkimbiaji, kusimamisha mchezo nako kulikuwa na gharama, na bili ililetwa kwake kwanza.

Mechi zaidi ya mia moja ziliahirishwa au kufutwa msimu ule. Mojawapo ilikuwa Ohio State na Michigan, iliyopangwa tarehe 12 Desemba. Wale waliokutana mwaka wa homa, 1918, walikuwa wamekutana kila mwaka tangu siku hiyo, vita vya pili vya dunia vikiwemo. Maambukizi ndani ya kikosi cha Michigan yakakata mnyororo ulioanzia kwenye janga lililotangulia. Ohio State wakawa hawajafikisha mechi sita za lazima ili kucheza fainali ya Big Ten. Siku tatu kabla ya tarehe ile, wakubwa wa ligi walikuwa wameshaibadilisha sheria. Ohio State wakaenda hadi fainali ya taifa, wakafungwa na Alabama 52–24, tarehe 11 Januari 2021.

Alabama hiyohiyo, miezi miwili baadaye, ilipata bingwa mwingine. Mbio za nyika za vyuo, zilizokuwa zifanyike Novemba, zilisogezwa hadi tarehe 15 Machi 2021 huko Stillwater, Oklahoma. Mshindi wa wanawake alikuwa Mercy Chelangat, Mkenya wetu, mwanamke wa kwanza wa Alabama kulitwaa taji hilo. Nilitazama kwa simu, bando likikaribia kuisha, nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Siwezi kusema mbio zile hazikupaswa kuwepo. Ningekuwa mwongo.

Basi jibu langu la leo, na safari hii lina maoni ya mwandishi: michezo ya vyuo inaweza kuendelea wakati wa janga. Imeendelea mara mbili. Kinachoamua kama ni haki au unyonyaji ni kama yule anayebeba hatari anaweza kusema "leo sichezi" na kesho bado akawa na chakula, chumba na darasa. Mwaka 1918 hakuweza, alikuwa chini ya kiapo. Mwaka 2020 aliweza kwenye karatasi.

Jamaa yangu alimaliza shahada yake, akarudi Eldoret. Nilimuuliza hivi majuzi kama aliwahi kufikiria kujitoa msimu ule. Akacheka. "Mzee, ujitoe na viza imeandikwa mwanafunzi, na uanafunzi wenyewe unalipwa na miguu?" Kisha akanyamaza kidogo. "Ningekimbia tu. Lakini hakuna siku mtu aliniuliza."

Wiki iliyopita niliitafuta ile faili ya Agosti 2020. Bado ipo. Kurasa sita, pande zote mbili zimetajwa, tahajia safi. Nimehesabu: neno mchezaji nimelitumia mara ishirini na saba, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mchezaji anasema kitu.