Lady Elgin: Meli ya mbao iliyogongwa gizani katika Ziwa Michigan

Usiku wa kuamkia Septemba 8, 1860, meli ya mvuke Lady Elgin iligongwa na chombo cha matanga katika Ziwa Michigan, kaskazini mwa mji wa Chicago nchini Marekani. Watu takriban 300 walipoteza maisha. Ajali hiyo ingali inahesabiwa miongoni mwa maafa makubwa zaidi ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na iliibua swali ambalo mabaharia walikuwa wameliachia mazoea: ni nani anayepaswa kuonekana gizani?

Chombo cha fahari

Lady Elgin ilijengwa kwa mbao mwaka 1851 mjini Buffalo, katika jimbo la New York. Ilikuwa na urefu wa mita 77 hivi, na injini yake ya mvuke ilizungusha magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu. Jina lake lilitokana na mke wa Lord Elgin, Gavana Mkuu wa Kanada wa wakati huo. Ilisafirisha abiria, barua na shehena kati ya bandari za maziwa hayo, na ilisifika kwa vyumba vyake vya kifahari.

Safari yenye mzizi wa kisiasa

Wengi wa abiria wa usiku ule walikuwa wakazi wa Third Ward, mtaa wa wahamiaji wa Kiairishi katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Marekani ilikuwa imegawanyika kuhusu utumwa, na viongozi wa Wisconsin walipinga sheria ya shirikisho iliyotaka watumwa waliotoroka warudishwe kwa mabwana zao. Vikosi vya wanamgambo viliulizwa vingesimama upande gani endapo jimbo lingekabiliana na serikali kuu. Garrett Barry, kamanda wa kikosi cha Kiairishi cha Union Guard, alijibu kwamba kuipinga serikali kuu kwa silaha ni uhaini. Kikosi chake kikapokonywa silaha. Matembezi ya Chicago yaliandaliwa ili kuchangisha fedha za kununua nyingine.

Saa nane na nusu usiku

Meli iling'oa nanga Chicago kabla ya saa sita usiku kurejea Milwaukee. Upepo ulikuwa mkali na mvua ikinyesha, lakini ndani muziki uliendelea na watu walicheza. Ilipofika kama saa nane na nusu, Augusta, chombo cha matanga kilichobeba mbao kuelekea Chicago, kiliivamia ubavuni upande wa kushoto, karibu na gurudumu. Vyombo hivyo vikaachana. Nahodha wa Augusta, akidhani kwamba meli kubwa kama ile haikudhurika sana, akaendelea na safari yake.

Nahodha wa Lady Elgin, Jack Wilson, aliamuru ng'ombe waliokuwa melini watupwe majini ili meli iwe nyepesi na tundu liinuke juu ya maji. Magodoro nayo yakasukumizwa kuliziba. Juhudi hizo hazikufua dafu. Muda usiozidi nusu saa, meli ikavunjika, na vipande vya sitaha ya juu vikageuka maboya ya wale waliobahatika kuvishika.

Wengi walielea hadi alfajiri, kisha wakafia karibu kabisa na nchi kavu, pale mawimbi yalipokuwa yakipasuka chini ya kingo ndefu za pwani ya Winnetka. Edward Spencer, mwanafunzi kutoka mji jirani wa Evanston, alijitosa majini mara kwa mara na kuwaokoa watu 17. Nahodha Wilson alifariki akiwahangaikia abiria wake. Barry pia alifariki, pamoja na Herbert Ingram, mbunge wa Uingereza na mwanzilishi wa gazeti la Illustrated London News. Orodha ya abiria ilipotea pamoja na meli. Ndiyo sababu idadi ya waliokufa imebaki kuwa ya makadirio.

Hasira, kisha kanuni

Nahodha wa Augusta hakutiwa hatiani, lakini hasira za watu wa Milwaukee hazikutulia, na wamiliki wakakibadilisha jina chombo hicho kuwa Colonel Cook. Katika Third Ward, familia nyingi ziliondokewa na baba, mama au watoto kwa usiku mmoja. Mwaka 1864, miaka minne baada ya ajali, kanuni mpya zilivitaka vyombo vya matanga navyo viwashe taa za safari usiku.

Mabaki chini ya maji

Mabaki ya Lady Elgin yaligunduliwa mwaka 1989 karibu na Highland Park, jimbo la Illinois, yakiwa yametawanyika sehemu kadhaa katika kina kisichofika mita 20. Ulifuata mvutano mrefu wa kisheria: je, meli iliyozama ni mali ya jimbo au ya aliyeipata? Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Illinois iliamua dhidi ya jimbo, kwa kuwa haki ya umiliki iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya bima haikuwahi kutelekezwa. Mbao, nanga na vyombo vya mezani vikapata mwenyewe. Wengi wa waliozama, hata hivyo, hawakupatikana kamwe.