Rangi na Jirani Yake: Darajani kama Darasa la Nadharia ya Rangi

Mwulize mwanafunzi wa sanaa nadharia ya rangi ni nini, aghalabu atakuchorea duara. Nyekundu, manjano na buluu zimekaa kama mafiga matatu, na baina yake zimejazwa zile zinazozaliwa kwa kuchanganya. Duara hilo lina nasaba ndefu, tangu lile la rangi saba la Newton la mwaka 1704, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kuwa hufundishwa kwanza, na mara nyingi peke yake, hata mwanafunzi akahitimu akijua kipi kichanganywe na kipi, asijue kwa nini nyekundu ile ile huwaka hapa na kupoa pale. Swali hili la pili ndilo zito, na kwa mtu wa Unguja pa kulijibia ni soko la Darajani.

Tuanze na duka la kanga. Mchapaji wa kanga hufanya kazi kwa rangi chache, naye huzirudia kwenye pindo na kwenye mji. Chagua kanga ambayo nyekundu moja imezungukwa na nyeusi pindoni na nyeupe mjini. Kata kadi ya kijivu, itoboe matundu mawili, uilaze juu ya nguo ili kila tundu lionyeshe nyekundu tupu. Ni rangi moja. Ondoa kadi: ile ya pindoni inang'aa, ya mjini imeingia giza. Mwanafunzi wangu mmoja aliiweka na kuiondoa kadi mara tano, kisha akaigeuza nguo kutafuta mshono, akidhani nimemuunganishia vipande viwili.

Anayeona kuwa hapo tumeishusha nadharia kutoka chuoni hadi sokoni akumbuke ilikozaliwa. Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alikabidhiwa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kuwa nyuzi nyeusi hazikukolea. Alipochunguza akakuta rangi haina kosa. Nyeusi ilidhoofishwa na buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake cha 1839 kimetokana na malalamiko ya mafundi wa nguo. Kurudi kwenye nguo ni kurudi nyumbani.

Ukitoka Darajani kuingia Mji Mkongwe unakutana na picha za Tingatinga zimetundikwa kutani. Wasomi wengi huzipita haraka, wakiziita bidhaa za watalii. Kwa somo hili mimi husimama. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akipaka rangi za mafuta za kopo juu ya mbao laini za kushindilia, na alipofariki mwaka 1972 aliacha mtindo unaojengwa kwa tabaka: usuli kwanza, ukauke, ndipo ndege aje juu yake, na madoa juu ya ndege. Mwenye makopo machache hupata wingi wa rangi kwa kuzipanga. Nawapa wanafunzi kopo moja la rangi ya chungwa na ndege mmoja, wamchore juu ya usuli wa aina tatu. Hutoka ndege watatu.

Lugha nayo inasaidia, ingawa walimu wetu huilaumu kwa umaskini wa majina ya rangi. Kweli, nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo zenye vivumishi vyake. Nyingine tumeazima kwenye vitu, kama manjano, majivu, chungwa na zambarau. (Damu ya mzee sijui ungeiweka wapi kwenye duara.) Lakini tazama vitenzi: rangi hukolea, huiva, hufifia, hupauka, huchuja. Mnunuzi wa kanga anayeuliza kama nguo inachuja ameshatenganisha uthabiti wa rangi na ukoleo wake, mambo ambayo darasani hutugharimu wiki mbili.

Kwa kuwa somo letu limetoka mtaani, atatokea wa kusema sanaa ya mtaani ni michoro ya ukutani, basi tuwape wanafunzi kuta. Zipi? Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Rangi ya plastiki huziba vinyweleo vya ukuta, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na lipu huanza kubanduka. Wanaotaka kuchora wavuke Ng'ambo, kwenye kuta za saruji, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Hata hivyo ukuta wa chokaa hufundisha bila kuguswa. Chokaa ikiwa mbichi huonyesha rangi nzito, ikikauka hupauka, kwa hiyo fundi hukadiria leo rangi ya kesho. Tena chokaa ni kali. Hula rangi nyingi na kuziacha zile za udongo. Zoezi langu la mwisho huwa ni kukaa kichochoroni saa kumi alasiri na kuuchora ukuta mmoja mweupe kama unavyoonekana. Mara ya mwisho nilikagua kazi zote. Upande wa kivuli ulikuwa samawati iliyopauka, mkabala na nyumba ya manjano umekuwa kama maziwa yaliyotiwa zafarani, na chini, karibu na njia, rangi ya udongo. Nyeupe tupu haikuwekwa na hata mmoja.