Bega ganda na tiba ya leza

Bega ganda ni ugonjwa unaofanya mfuko wa kiungo cha bega uvimbe, unenepe na kusinyaa, hata mkono ukagoma kwenda. Jina halitokani na baridi. Daktari Mmarekani Ernest Codman alilitumia mwaka 1934. Hushika hasa wenye miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Huanza na maumivu yanayonyima usingizi, hufuata ukakamavu, kisha bega hulegea taratibu. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Katika fuo za Kisumu kama Dunga, kando ya Ziwa Viktoria, ugonjwa huonekana kazini: mvuvi hawezi kurusha wavu, mama muuza samaki wa omena hawezi kufunga leso kwa nyuma wala kupandisha karai kichwani. Wengi husingizia mizigo. Mara nyingi chanzo hakijulikani, lakini sukari ni mshukiwa mkubwa, hivyo kuipima hutangulia tiba yoyote ya leza.

Leza inayotumika kwa bega hili ni ya nguvu ndogo; haikati wala haichomi. Daktari Endre Mester wa Hungaria aliijaribu kwa panya mjini Budapest mwaka 1967, akaona manyoya yao yakiota upesi. Mwanga wake mwekundu au wa infraredi, wa nanomita 600 hadi 1,000, hufyonzwa ndani ya mitokondria za seli, na inadhaniwa hapo ndipo uvimbe na maumivu hupungua. Mtaalamu wa fiziotherapia huugusisha mkono wa mashine kwenye sehemu kadhaa za bega. Yeye na mgonjwa huvaa miwani ya kinga, na mwanga hauelekezwi penye saratani.

Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yaliona kwamba leza ikiambatana na mazoezi kwa wiki 8 huenda ikashinda mazoezi pekee: maumivu yalipungua zaidi kufikia wiki ya 4, na mkono ulitumika vizuri zaidi hata miezi 4. Ushahidi huo ni mchache.

Mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano, ndani ya ziwa hilo, akitumwa Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga, hupanda boti kisha gari. Tiba ya kurudiwa mara kadhaa kwa wiki humlia nauli. Mazoezi hayadai nauli: kamba hupitishwa juu ya boriti, mkono mzima ukavuta ule mgonjwa polepole, na kuachia maumivu yanapozidi.