Shule ya Nyumbani Juu ya Kilima cha Monticello

Majumba ya kale ya Virginia, yaliyojengwa na waasisi wa taifa la Marekani, yana desturi ya kutenga siku maalumu kwa familia zinazosomesha watoto wao nyumbani. Mount Vernon ya George Washington hufanya hivyo, na Monticello ya Thomas Jefferson vilevile. Siku hizo huangukia katikati ya juma, watoto wengine wakiwa madarasani. Mama na baba hupanda kilima na wanao, wakazunguka bustani na vyumba, na mtoto akapata kushika kwa mikono yake yale aliyoyasoma mezani kwao.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Ninachotaka kukidai ni kwamba mzazi anayemleta mwanawe Monticello kwa jina la elimu ya nyumbani amemleta mahali ambapo elimu ya nyumbani ina historia yake yenyewe, tena historia nzito. Akitoka pale bila kuisikia, amepewa ganda akanyimwa kokwa.

Jambo lenyewe limekua haraka. Sheria ya Virginia ya kutambua ufundishaji wa nyumbani ilipitishwa mwaka 1984, na kufikia 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameuruhusu. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikadiria kwamba watoto milioni 1.7 hivi walikuwa wakisomeshwa nyumbani. Wazazi hao hutofautiana sana kwa dini na siasa, lakini wana dai moja la msingi: nyumba ni shule ya kwanza, na mzazi ana haki ya kuwa mwalimu wake.

Pale Monticello dai hilo lilitekelezwa kwa ufanisi mkubwa. Martha, binti wa Jefferson, alikuwa amesoma Paris, na alipohamia kwa baba yake aliwafundisha watoto wake mwenyewe. Waliokua walikuwa 11. Babu yao, aliyekuwa na vitabu vingi kiasi kwamba mwaka 1815 aliliuzia Bunge la Marekani zaidi ya 6,000, alishiriki katika malezi hayo ya akili. Huyu ndiye aliyependekeza mwaka 1779 kwamba jimbo liwalipie watoto wote huru miaka 3 ya masomo ya awali. Neno la kuzingatia ni hilo: huru.

Maana kwa watoto wasiokuwa huru, Jefferson alikuwa na mtaala mwingine, nao aliuandika. Katika daftari lake la shamba aliagiza kwamba watoto wa watumwa, hadi miaka 10, wawe walezi wa watoto wadogo. Kuanzia miaka 10 hadi 16, wavulana watengeneze misumari na wasichana wasokote nyuzi. Wakifika miaka 16 waende shambani au wafunzwe ufundi. Karakana ya misumari ilianza mwaka 1794 katika njia iitwayo Mulberry Row, hatua chache kutoka kwenye jumba, na mwenye shamba mwenyewe alihesabu misumari iliyotoka kwa kila mvulana na chuma kilichopotea. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600.

Sasa tumwangalie Madison Hemings, aliyezaliwa mwaka 1805. Mama yake alikuwa Sally Hemings, mtumwa wa nyumbani. Baba yake, kwa kauli yake mwenyewe iliyochapishwa katika gazeti la Ohio mwaka 1873, alikuwa Jefferson. Na taasisi inayomiliki Monticello leo inalikubali hilo. Madison alieleza kwamba alijifunza kusoma kwa kuwashawishi watoto wazungu wa pale wamfundishe herufi. Msomaji wa Kiswahili atafahamu upesi uzito wa maneno hayo, kwa kuwa lugha yetu ina majina ya undugu huo. Martha alikuwa dada yake kwa baba. Watoto wa Martha walikuwa wapwa zake. Huyo ni mjomba, akiwabembeleza wapwa wamgawie makombo ya elimu iliyokuwa ikitolewa bure katika nyumba ya baba yake mzazi.

Peter Fossett naye alifundishwa na mjukuu mmoja wa Jefferson. Baba yake, Joseph, alikuwa mhunzi. Mama yake, Edith, mpishi. Jefferson alifariki Julai 4, 1826, akiwa amezama katika madeni. Wosia wake ulimwacha huru Joseph, lakini haukumtaja Edith wala watoto. Januari 1827, mnada ulipofanyika pale pale kilimani, Peter aliuzwa akiwa na miaka 11. Bwana wake mpya alimtishia viboko endapo angeonekana na kitabu. Aliendelea kusoma kwa siri, akamfundisha mtumwa mwenzake usiku, na baadaye akaandika vyeti bandia vya uhuru vilivyowasaidia wengine kutoroka. Yeye mwenyewe alitoroka mara mbili akakamatwa. Mwaka 1850 alinunuliwa na ndugu na marafiki, akawa huru, akaenda Cincinnati na kuwa mchungaji.

Kwa nini bwana yule aliogopa kitabu? Sheria ya nchi ilimuunga mkono. Mwaka 1831 Virginia ilipiga marufuku mikusanyiko ya watu weusi huru ya kujifunza kusoma na kuandika, na ikaweka faini kwa mzungu aliyewafundisha watumwa kwa malipo. Mwaka 1854 mwanamke mzungu, Margaret Douglass, alifungwa mwezi mmoja mjini Norfolk. Kosa lake: yeye na binti yake walikuwa wakifundisha watoto weusi huru kusoma, nyumbani kwao. Ningependa kila familia inayopanda kilima kile ijue jina lake.

Wapo watakaosema hayo ni ya karne nyingine. Chini ya kilima hicho uko mji wa Charlottesville. Septemba 1958 gavana wa Virginia alifunga shule mbili za mji huo, Lane na Venable, kuliko kutii amri ya mahakama ya kupokea wanafunzi weusi. Watoto wazungu waliofungiwa shule walifundishwa katika nyumba za watu na makanisa hadi shule zilipofunguliwa tena Februari 1959. Katika wilaya ya Prince Edward, shule zote za umma zilifungwa kuanzia 1959 hadi 1964. Wazungu walijijengea shule binafsi. Wengi wa watoto weusi walikosa masomo ya kawaida kwa miaka hiyo yote.

Nakiri Monticello imejitahidi kuliko majumba mengi. Tangu 1993 inakusanya simulizi za wazao wa watumwa wake, na mwaka 2018 ilifungua chumba cha maonyesho kuhusu Sally Hemings. Lakini siku ya familia ina kishawishi chake: kuwapa watoto yaliyo mepesi, kwa hoja kwamba bado ni wadogo. Hoja hiyo siikubali. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuelezwa alichokuwa akikifanya mtoto wa miaka 10.

Tena wanaopanda kilima wanabadilika. Takwimu za sensa ya Marekani zilionyesha kwamba kati ya majira ya kuchipua na ya kupukutika ya mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kaya za watu weusi zenye watoto wa umri wa shule zinazosomesha nyumbani ziliongezeka kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Baadhi ya wazazi hao wameeleza kwamba hawaridhiki na jinsi shule zinavyowatendea watoto wao na zinavyosimulia habari za wazee wao. Hao wakifika Mulberry Row na watoto wao, huuliza kwanza karakana ilikuwa wapi.