Meno ya siku hiyo hiyo: kwa nini yalianza kucheza?

Shangazi yangu anauza vitunguu Buguruni sokoni. Mwaka jana meno yake manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yamelegea kwa ugonjwa wa fizi mpaka muhogo anauma kwa pembeni. Daktari akamwambia hayaokoleki, yatoke. Maumivu hakuyaogopa sana. Alichoogopa ni wiki za kukaa na pengo mbele ya wateja. Halafu kuna jambo ambalo mtu haligundui mpaka limkute: sauti za f na v tunazitoa kwa kugusisha mdomo wa chini na meno ya juu. Sasa jaribu kunadi "vitunguu" kutwa nzima huna meno hayo.

Akapata zahanati inayotoa huduma ya siku hiyo hiyo. Walichukua vipimo vya mdomo mapema, wakamtengenezea meno ya bandia, wakang'oa asubuhi, na kabla ganzi haijaisha akatoka nayo mdomoni. Baada ya siku nne alikuwa kwenye meza yake sokoni. Miezi minne ikapita, meno yakaanza kucheza. Chakula kikawa kinaingia kati ya bamba na fizi. Siku moja yalimtoka akiwa anacheka.

"Mwanangu, nimepigwa," akaniambia. "Wameniwekea feki."

Kwa kuwa kwenye ukoo mimi ndiye ninayeitwa msomi, nikapewa kazi ya kutafuta ukweli. Nilidhani nitasoma kurasa mbili tatu za udaktari wa meno. Nikajikuta kwenye historia.

Kwa karne nyingi wazo la kung'oa meno kadhaa kwa mkupuo na kuweka mengine papo hapo lisingemwingia mtu akilini. Kwanza hapakuwa na ganzi, kwa hiyo jino liling'olewa pale tu lilipomshinda mwenyewe. Pili, meno ya bandia yalichongwa kwa mkono. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebaki na jino lake moja tu, na daktari wake John Greenwood alimchongea bamba kutoka kwenye jino la kiboko. Meno ya kiboko yalipendwa kwa sababu ni magumu na hayageuki rangi upesi kama pembe za ndovu. Pwani yetu nayo ilikuwamo kwenye biashara hiyo: katika karne ya 19 Zanzibar ilisafirisha meno ya kiboko pamoja na pembe. Meno mengine yalitoka kwa binadamu. Baada ya mapigano ya Waterloo mwaka 1815, maiti za askari ziling'olewa meno yakapelekwa kuuzwa. Sasa kitu kigumu hivyo, kinachochongwa kwa siku nyingi, huwezi kukilinganisha na fizi mbichi inayobadilika kila wiki. Ulisubiri kidonda kipone na fizi itulie kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni gesi na mpira. Desemba 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, alivuta gesi ya kuchekesha akang'olewa jino lake mwenyewe ili ajaribu. Miaka miwili baadaye William Morton alionyesha kazi ya etha hospitalini Boston. Kuanzia hapo mtu aliweza kukaa kwenye kiti mara moja akainuka kibogoyo. Mpira mgumu ulikuja kupitia familia ya Goodyear: Charles ndiye aliyegundua namna ya kuupika mpira kwa salfa, na mdogo wake Nelson akapata hataza ya mpira mgumu mwaka 1851. Ukiwa laini unaukandamiza kwenye umbo la plasta la mdomo wa mgonjwa, unaupika kwa mvuke, unatoka bamba linalokaa vizuri kwenye taya bila kuchongwa. Bei ikashuka. (Kampuni iliyomiliki hataza ya mpira wa meno iliwatoza madaktari ada na kuwaburuza mahakamani wasiolipa, hadi daktari mmoja, Samuel Chalfant, akampiga risasi na kumuua mhazini wake, Josiah Bacon, huko San Francisco mwaka 1879. Meno ya bandia yana historia ya damu kuliko nilivyotegemea.)

Ikabaki shida moja. Kung'oa kumekuwa kwa dakika chache, kutengeneza kumekuwa rahisi, lakini kupona bado ni miezi. Nani akubali kukaa kibogoyo miezi sita? Ndipo seti ya muda, inayowekwa mara tu baada ya kung'oa, ilipopata wateja. Plastiki ya akriliki ilipochukua nafasi ya mpira kuanzia miaka ya 1930, kazi ikawa nyepesi zaidi, maana akriliki ina rangi ya fizi na unaweza kuiongezea tabaka jingine.

Mbinu yenyewe ina kipengele cha kubahatisha. Fundi wa maabara anapokea umbo la plasta la mdomo ambao bado una meno. Anayakata meno ya plasta, anakwangua ukingo, anakisia fizi itakuwaje baada ya kung'oa, kisha anatengeneza bamba juu ya makisio hayo. Siku ya kung'oa, bamba linafunika vidonda kama bendeji na kulinda damu iliyoganda kwenye matundu. Kwa kawaida mgonjwa huambiwa asilivue saa 24 za kwanza, kwa sababu fizi ikivimba huenda lisirudi.

Baada ya hapo mfupa unaanza mambo yake. Ule ukingo wa taya unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Yakitoka, mwili unaanza kuumeng'enya, na kasi ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Mtafiti Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia watu wenye meno ya bandia kwa hadi miaka 25. Alikuta mfupa unaendelea kupungua miaka yote hiyo, na taya la chini linapoteza karibu mara nne ya la juu. Kwa hiyo bamba la shangazi halikuharibika. Fizi iliyopimiwa haipo tena.

Vitabu vingi kuhusu meno haya viliandikwa kwa ajili ya watu kama Waingereza. Mwaka 1968, asilimia 37 ya watu wazima wa England na Wales hawakuwa na jino hata moja. Kwetu yanatoka moja moja, kwa sababu wengi tunafika kwa daktari jino likiwa limeshashindikana. Utafiti uliochapishwa 2006, wa watu wa miaka 50 na kuendelea Dar es Salaam na Pwani, ulikuta zaidi ya wanane kati ya kumi wameshapoteza angalau jino. Kwa hiyo meno ya bandia ya hapa mara nyingi ni vipande vichache vinavyoegemea meno yaliyobaki, ambayo nayo pengine yanaumwa.

Nilimweleza shangazi yote haya, kiboko akiwemo. Alisikiliza, halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mbona hawakuniambia nitalipa mara mbili?" Na hapo ana haki kabisa. Waliomhudumia walijua meno hayo ni ya muda. Bei waliyomtajia ilikuwa ya safari ya kwanza tu, na hiyo si bei ya matibabu, ni nusu yake.

Alirudi akiwa amekunja uso. Wakaongeza tabaka la akriliki upande wa fizi, yakakaa. Amelipa tena na bado ananung'unika, lakini safari hii alidai waandike kwenye kadi lini arudi na itagharimu kiasi gani, na hakuondoka mpaka wakaandika.