Kupeleka familia Songea: muda, nauli na habari ya kuwasimulia watoto

Songea iko kusini magharibi mwa Tanzania na ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Ni mji wa kihistoria, lakini historia yake haionekani kwa macho ya haraka. Hakuna magofu makubwa kama ya Kilwa wala majumba ya kale kama ya Bagamoyo. Kikubwa cha Songea ni makaburi, sanamu na vitu vya mashujaa wa Vita vya Majimaji.

Kwa hiyo familia inayofika bila kuijua habari itazunguka nusu saa, itapiga picha mbili na kuuliza, "Sasa twende wapi?" Nauli imeshalipwa na watoto wamechoka na basi. Familia iliyojiandaa itakaa hapo asubuhi nzima, na watoto watarudi na maswali ya kumuuliza babu.

Makala haya yanakueleza, msikilizaji, jinsi ya kuipanga safari hiyo: uwasimulie nini watoto kabla ya kuondoka, uende lini, upigeje hesabu ya fedha, na mkifika mwanze wapi.

Habari yenyewe kwa kifupi

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baada ya kifo chake waligawanyika katika makundi. Baadhi yao walifika eneo ambalo leo ni Songea na kuunda tawala mbili, Njelu na Mshope. Wakati Wajerumani wanaingia, Njelu ilikuja kuwa chini ya Mputa Gama na Mshope chini ya Chabruma. Chini ya watawala hao walikuwapo manduna, yaani wakuu wa vita. Mmoja wa manduna wenye nguvu zaidi aliitwa Songea Mbano. Wajerumani walijenga boma lao la kijeshi karibu na makazi yake mwaka 1897, na mji ukachukua jina lake.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa vita. Mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji akiwaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini habari ya maji ilikuwa imeshasambaa. Zaidi ya makabila 20 yaliingia vitani, na Wangoni walikuwa miongoni mwao.

Maji hayakuzuia risasi. Bunduki za rashasha ziliua watu wengi, kisha jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa kwa jumla yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Vita vilikwisha mwaka 1907.

Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 mjini Songea, Mputa Gama akiwa mmoja wao. Walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi lake peke yake. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki wakati wenzake wamekufa. Husimuliwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Habari hiyo haijafungwa hadi leo. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Aliahidi pia kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea. Watoto wakijua hilo wataelewa kwamba wanakwenda kwenye msiba ambao wenyewe bado wanausubiri mwisho wake.

Lini kwenda

Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kukavu. Kwa familia yenye watoto wa shule, kuna nafasi tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni likizo ya Juni. Barabara ni kavu na mahindi yanavunwa, kwa hiyo chakula si shida. Ubaya wake ni baridi. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinataka sweta. Anayetoka Lindi au Mtwara asije na kanga peke yake.

Ya pili ni likizo ya Desemba. Inawafaa wakulima wa korosho, maana fedha za mnada huingia kati ya Oktoba na Desemba. Lakini mvua imeanza, shamba linaita, na Januari ina sare na madaftari. Kama unachagua Desemba, nunua mahitaji ya shule kwanza, safari ifuate.

Ya tatu ni kumbukumbu ya Majimaji, ambayo kilele chake ni 27 Februari kila mwaka. Hapo utaona ngoma, wazee, viongozi na umati. Lakini shule zimefunguliwa, mvua inanyesha na nyumba za wageni hujaa. Nafasi hii inawafaa zaidi wanaoishi karibu, wanaoweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Hesabu ya fedha

Kwa familia nyingi, fedha nyingi huishia barabarani. Anza na hesabu hii: nauli ya mtu mmoja, mara idadi ya viti, mara mbili kwa kwenda na kurudi. Uliza mapema mtoto wa umri gani analipiwa kiti. Mtoto wa miaka saba akipakatwa kwa safari ya kutwa nzima, anayepakata na anayepakatwa wote watafika wagonjwa.

Baada ya nauli, weka mafungu manne: malazi, chakula, viingilio pamoja na usafiri wa ndani ya mji, na akiba ya dharura. Fungu la akiba lisiguswe kwa soda wala zawadi. Likirudi nyumbani zima, ndilo mwanzo wa safari nyingine.

Mkiweka shilingi 5,000 kila wiki kuanzia mwanzo wa Agosti hadi mwisho wa Mei, hizo ni wiki 43, sawa na shilingi 215,000. Ziwekeni kwenye kikoba au kwenye simu, mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzitoa bila wengine kujua.

Kwa sababu nauli ni kubwa, msiende kulala usiku mmoja. Usiku mbili mjini zinatosha kuona mambo ya msingi bila kukimbizana. Mkitaka kufika ziwani, ongezeni usiku mmoja.

Njia za kufika

Anayetoka Dar es Salaam, Morogoro au Iringa hupita Makambako na Njombe kisha hushuka Songea. Anayetoka Mbeya naye huingilia Makambako. Wa Mtwara na Masasi hupita Tunduru na Namtumbo. Njia hizi zote zina lami.

Kateni tiketi kabla ya siku ya safari, na tiketi iwe na majina yenu. Wenye watoto wadogo wachague basi linalofika mchana au jioni mapema. Kufika usiku wa manane na watoto watatu, hamjui mnalala wapi, huongeza gharama, kwa sababu mtakubali bei yoyote mtakayotajiwa.

Pigeni simu nyumba ya wageni siku mbili kabla. Ulizeni bei ya chumba, kama watoto wanaruhusiwa kulala na wazazi, kama kuna chandarua, na ni umbali gani kutoka stendi.

Siku ya kwanza: Makumbusho ya Majimaji

Nendeni asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka. Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yako eneo la Mahenge, mjini Songea. Hapo mtaona kaburi la pamoja, kaburi la Nduna Songea, sanamu za viongozi wa Wangoni na silaha za jadi.

Chukueni kitambulisho cha taifa, kwa sababu katika makumbusho ya Serikali raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Malipo ya Serikali siku hizi hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, basi simu iwe na chaji na salio.

Ombeni mwongozaji. Msione haya kumwambia, "Tuna watoto, tueleze polepole." Kabla ya kupiga picha ndani, ulizeni kama inaruhusiwa. Mkiwa kwenye makaburi, watoto wasikimbie wala kupanda juu. Hapo wamelala watu ambao wajukuu na vitukuu wao wanaishi mji uleule.

Swali ambalo watoto huuliza ni hili: "Kwa nini waliamini maji?" Usiwacheke wazee wa zamani mbele ya mtoto. Mwambie kwamba watu waliokuwa wakichapwa viboko, wakitozwa kodi na kulimishwa kwa nguvu walihitaji kitu cha kuwaunganisha, na maji yaliwaunganisha watu ambao hapo awali walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mtoto mdogo sana hahitaji kuelezwa kila jambo la kunyongwa. Mwambie, "Waliuawa kwa sababu walikataa kutawaliwa." Mengine atayauliza akikua.

Siku ya pili: chagueni moja au mawili

Peramiho iko kilomita 24 hivi kutoka Songea. Wamisionari Wabenediktini walianza kazi hapo mwaka 1898. Misheni ilichomwa wakati wa vita mwaka 1905, na mwanzilishi wake, Askofu Cassian Spiss, aliuawa Agosti mwaka huo karibu na Liwale akiwa safarini. Baadaye misheni ilijengwa upya, na leo ina abasia, kanisa kubwa na hospitali inayojulikana kusini kote. Ukiona makaburi ya Mahenge jana yake na kanisa la Peramiho leo yake, unaielewa vita kwa pande zake zote.

Mjini, eneo la Bombambili, kuna makumbusho ya Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mkoani humu mwaka 1926 na kuwa Waziri Mkuu. Kwa watoto wa darasa la tano kwenda juu, ziara hii inawasaidia hata shuleni.

Milima ya Matogoro iko pembeni mwa mji. Humo ndimo unakoanzia mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Mtoto wa Mtwara anayeujua mto huo ukiwa mpana atashangaa kusikia unakoanzia. Ni hifadhi ya msitu, kwa hiyo ulizeni utaratibu na mwende na mwenyeji.

Mkiongeza siku: Ziwa Nyasa

Barabara ya Songea hadi Mbinga ni kilomita 100 hivi, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi. Njiani, katika milima ya Wamatengo, waonyesheni watoto ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo kuporomoka. Mkulima yeyote atajifunza kitu hapo bila kulipa kiingilio.

Ziwani, ulizeni wenyeji sehemu ya kuogea. Msiingie majini kwa kuona maji ni maangavu, maana kuna maeneo yenye mamba, na kichocho kipo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini, mwera, huvuma kwa nguvu na kuleta mawimbi. Siku hiyo mtumbwi wa kukodi usiwe sehemu ya furaha yenu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mwezi mmoja kabla, mketisheni babu, bibi au shangazi mkubwa awasimulie watoto anachokijua kuhusu Majimaji. Familia nyingi za Lindi, Mtwara, Ruvuma, Morogoro na Pwani zina jina la mtu aliyekufa vitani au kwa njaa ile, ila halijawahi kuandikwa. Mwombe ruhusa, kisha mrekodi kwa simu. Kama afya inamruhusu, awe mmoja wa wasafiri, na kiti chake kikatwe kwanza.

Wiki moja kabla, hakikisheni mna vitambulisho, kadi za bima na kadi za kliniki za watoto, dawa za anayetumia kila siku, masweta, chupa za maji na chakula cha njiani. Andikeni namba mbili za simu kwenye karatasi, na kila mtoto abebe yake mfukoni.

Mkirudi, mpeni kila mtoto dakika tano amweleze aliyebaki nyumbani alichokiona. Safari njema.